Usiwapeleke watoto kwenye majani ya Bisrat

Asele, usiwapeleke watoto. Soma kwanza, salamu baadaye.

Ule uvumi kwamba kwenye maonyesho ya mchongaji Bisrat kuna majani yanayomeza watu, tangu Jumapili haukunitoka kichwani. Nikajiambia ni porojo, nikaenda na Mekdi wangu.

Shoga, sakafu nzima kijani! Katikati kuna kimeza, jebena ya kuchemshia kahawa na vikombe. Nikajua wametandaza majani mabichi, kama tunavyotandaza nyumbani tukinywa kahawa. Mekdi akaniuliza, "Mama, nivue viatu?" Nikamwambia, "Vua, kanyaga mwanangu, nenda ukakae."

Mimi ndiye niliyemwambia. Mimi!

Yalikuwa maji. Maji ya kunifika kiunoni, na vijani vidogo vidogo vinaelea juu. Akazama, vijani vikajifunga palepale kama hakupita mtu.

Nikaruka ndani, napapasa, napiga kelele. Bisrat yuko ukingoni anatabasamu: "Tulia mama, macho yanadanganyika tu, ndiyo kazi yenyewe."

"Macho gani, mpumbavu wewe? Mwanangu yuko chini!"

Hapo ndipo aliporuka na suti yake, akamvuta kwa gauni.

Anapumua. Tuko zahanati, anatetemeka, hataki nimshike. Anarudia tu, "Uliniambia nikanyage."

Wako wanakwenda na shule leo saa nane. Wazuie. Ikishindikana:

Wasivue viatu.
Wasiifuate jebena.
Wasiachie mkono wa mwalimu.
Wasikanyage kijani, hata kama anayewaambia ni mama yao.