Mraba Uliotoka Mstarini

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Leo zamu ya rangi nyeusi. Ya kijani na ya njano zimekauka. Nimebandika karatasi ya matundu chini ya fremu, nikamwaga rangi, nikavuta raba ya kusambazia kwa mikono miwili — ukisita tu, rangi inavuja. Mabega yanauma. Vitambaa vya meza, vya wageni wa mbugani Mikumi. Pambo ni langu: miraba mitupu, safu kwa safu. Domina, mwenzangu wa meza, anasema nachora miraba kwa kuogopa kuchora sura yenye pua. Acha acheke.

Jumatano, 4 Septemba
Tundu moja nimelikata nje ya mstari! Sikuliona hadi jora zima limechapwa. Nikanyamaza. Pambo ni pambo, nani atajali?

Akaja Bwana Lupakisyo, katibu wa chama. Shikamoo, marahaba. Akainama juu ya meza. Kama ramani ya kijiji kipya, akasema, nyumba zimepangwa vizuri. Kisha akaweka kidole: huyu mbona kabaki nje?

Domina na utani wake — eti huyo mzee Hezekia, baba yake Yunis, yaani baba yangu mimi, aliyegoma kuhama mlimani kule Mvumi.

Tulicheka. Bwana Lupakisyo hakucheka. Na mimi ndiye niliyeapa ofisini kwake kwamba baba ameshahamia kijijini.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimeharibu vitambaa. Domina kaomba radhi, analia.

Wanasema nyumba ya anayehamishwa inachomwa ili asirudi. Baba hataki kuacha kaburi la mama. Nani atalipalilia, huniuliza. Sina wa kumtuma kwake kumwonya. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 6 Septemba
Lori liko nje. Mgambo wamekaa nyuma. Bwana Lupakisyo mpole leo, na upole wake ndio unaonitisha. Baba akiwaona mgambo atakimbilia msituni, anasema, kwa hiyo nikae mbele na dereva, tukifika nimwite. Hakuna atakayeumia.

Nikauliza, na nyumba?

Twende kwanza, akasema.

Nimeomba ninawe rangi. Naandika nimesimama, nyuma ya karakana. Domina ananong'ona nisiende. Nisipoenda watapanda mlimani wenyewe, na baba ana panga.

Honi. Wananiita.

Nikimwita atatoka. Hajawahi kuacha kuniitikia.