Mgeni Aliyeniuliza Habari za Tumbo

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba. Salamu zako zimefika kutoka Japani, na huku Shella sote tu wazima. Mjomba wako kapata mapacha, nyumba haina kimya.

Waniuliza kama saratani ya tumbo imo katika ukoo wetu. Imo. Ilimchukua mama yangu, kisha kaka yake, nasi tukidhani ni kijicho cha watu.

Miaka ya themanini nilikuwa nikifua mashuka hotelini. Mgeni mmoja Mjapani, Bi Keiko, aliniona nimejishika tumbo. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Kwenu kuna aliyeugua tumbo?" Nikamweleza.

Akasema, "Kwetu wengi huugua hivyo, na familia nyingine hurithi. Baba yangu alichelewa. Wewe nenda mapema."

Niliogopa, lakini nikaenda Mombasa nikamezeshwa mpira mwembamba wenye taa, wa kuchungulia tumboni. Madaktari wakaona uvimbe, ungali mdogo. Wakaukata pamoja na nusu ya tumbo, na mwaka uliofuata nikamzaa mama yako.

Kwa hiyo madaktari wa huko wakikuuliza habari za kwenu, nitaje bila haya. Waambie pia kwamba leo nimekula mara sita, kidogo kidogo, na babu yako analalamika hakuachiwa samaki.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha