Farasi Anayesimama Kuamkia

Jumamosi, jioni. Upepo wa leo umeleta vumbi hadi ndani ya sukari. Hapa Mkonze kila kitu kina rangi moja, hata mimi. Mapaja yananiuma, na nina furaha ambayo bado siielewi vizuri. Ndiyo maana naandika.

Leo ilikuwa siku ya kujaribiwa. Jumamosi ijayo kuna mashindano ya mbio za nyika kwa farasi, na Daktari Tabitha, daktari wa mifugo anayenifundisha, ana nafasi moja tu kwa mwanafunzi anayeanza, kwa kuwa farasi mtulivu anaye mmoja. Sharti lake halikuwa gumu kulielewa: nizunguke njia yote ya mazoezi shambani kwake. Farasi akikataa kuruka mara tatu, nisubiri mwaka mwingine.

Zamani nilidhani mchezo huu ni kukimbizana tu, anayefika kwanza ndiye mshindi. Sivyo. Kila mmoja huenda peke yake, nyikani, akiruka vizuizi vilivyo njiani: gogo, korongo, ua wa miiba. Kwa sisi tunaoanza hawamtafuti mwenye kasi. Wanatazama kama farasi amekuamini. Hayo ni maneno ya Daktari, na yamekaa kichwani mwangu tangu mwaka jana, darasa letu lilipotembelea shamba lake. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akaniambia nirudi Jumamosi niendelee kuuliza huku nikizoa mavi ya farasi.

Nikarudi. Sijaacha.

Farasi mwenyewe anaitwa Mtama, kwa ule wekundu wake wa mtama ulioiva. Leo Daktari aliwaomba majirani wawili wawe waamuzi, kila mmoja na bendera zake: nyeupe ikiwa tumeruka, nyekundu ikiwa farasi amekataa. Babu Ndahani, mfugaji, alikaa kwenye korongo. Mama Sesilia, mwenye shamba la pili, alikaa kwenye ua wa miiba. Vizuizi vingine Daktari alivitazama mwenyewe kwa mbali, naye akiwa na bendera zake.

Gogo la kwanza tuliliruka vizuri. Tulipofika kwenye korongo, Mtama akasimama. Hakushtuka, hakurudi nyuma. Alisimama kwa adabu, kama mtu aliyefika mlangoni akipiga hodi. Nikamzungusha, akaruka. Ngazi ya udongo akaipanda, dimbwi akalipita. Kwenye ua wa miiba akasimama tena, vilevile.

Mara mbili.

Daktari alituita. Alisema farasi apumue, kisha tuanze upya kwenye gogo, lakini zile mbili zinabaki pale pale. Alidhani Mtama anaogopa bendera. Mimi nilikuwa namzungusha Mtama taratibu, moyo umenishuka, nikajiuliza kama tunavyofundishwa maabara: ni kitu gani kipo pale na hakipo kwingine? Nikaazima bendera ya Daktari nikampungia Mtama puani. Akataka kuila. Basi si bendera. Kilichobaki ni watu. Watu wazima, waliokaa.

Nikacheka peke yangu, halafu nikataka kulia.

Miezi yote hii, kila nikimtembeza Mtama kwenye njia ya ng'ombe na kukutana na mtu mzima, namsimamisha. Mama amenilea hivyo. Ukiwa juu na mkubwa yuko chini, huwezi kumpita kama upepo. Unasimama, unaamkia, unajibu habari za nyumbani, ndipo unaondoka. Mtama amejifunza. Na leo, ingawa sikufungua mdomo, nadhani mkono wangu ulivuta hatamu wenyewe nilipomwona Babu.

Farasi hakukataa. Alinitii.

Nilimwachia Daktari hatamu, nikaenda kwa miguu mpaka korongoni. Babu alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nikipita safari hii sitasimama wala kumtazama, anisamehe kabisa. Babu ni Mgogo, sisi ni Warangi wa Kondoa, watani wao, na hajawahi kuniacha bila utani. Alinitazama kuanzia ile kofia ngumu niliyoivaa juu ya ushungi mpaka viatu.

"Ninyi Warangi," alisema, "mnapewa mnyama mkubwa namna hii, mnamfundisha kuamkia. Mbuzi wangu mpaka leo hawajaniuliza nimeamkaje."

"Naomba tu usinikasirikie, Babu."

"Nenda, mjukuu wangu. Ruka."

Mama Sesilia naye nilimwambia hivyo hivyo. Alicheka tu.

Tukaanza upya. Gogo, safi. Nikainua macho kulielekea korongo, nikaona Babu amekaa juu ya ndoo yake ametugeuzia mgongo. Mtama hakupunguza hata kidogo. Tuliruka kama tumefanya hivyo maisha yetu yote. Kisha nikasikia filimbi ya Daktari. Alikuwa anakuja huku akiuliza kama tumeruka.

"Nimesikia kwato," Babu alijibu, bado ametazama upande wa pili.

"Umesikia au umeona, mzee wangu?"

"Ningeonaje? Nimempa mtoto mgongo asipate taabu ya kuniamkia."

Daktari alicheka mpaka akashika magoti. Lakini Daktari ni Daktari. Alisema mruko ambao mwamuzi hakuuona hauhesabiwi. Nirudie, na Babu atugeukie.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Babu alikaa ukingoni mwa korongo ametukodolea macho, na sasa yeye pia alikuwa na wasiwasi, niliuona. Daktari hufundisha kwamba farasi huenda macho yako yanakokwenda, kwa hiyo nilichagua kilima cha ng'ambo nikakikazia macho. Tulipokaribia, mkono ulitaka kuvuta. Nikalegeza vidole kimoja kimoja. Shikamoo ilinipanda mpaka kooni, nikaimeza. Nikahisi mgongo wa Mtama ukiinuka, korongo likapita chini yetu, tukatua. Nilipogeuka, bendera nyeupe ilikuwa juu, na Babu amesimama kabisa.

Kwenye ua wa miiba Mama Sesilia alijifunika uso kwa kanga, akaacha jicho moja la uamuzi. Tukaruka.

Nafasi ni yangu.

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa anachekecha unga. Nilimwambia yote, hata lile lililokuwa linanichoma: kwamba nimempita mzee nikiwa juu, uso kwa uso, kimya. Aligonga chekecheo pembeni ya sinia.

"Na yeye alifanyaje?"

"Aliinua bendera."

"Basi amekuitikia."

Jumamosi ijayo waamuzi watakuwa watu nisiowajua, na karibu wote watakuwa wakubwa kwangu. Nitawahi kufika. Daktari ameniambia kwamba kabla ya kupanda farasi, kila mshindani lazima aikague njia yote kwa miguu, kizuizi kwa kizuizi. Nimemuuliza kama kuna sheria inayokataza kusalimia watu wakati huo. Amesema hajawahi kuisikia.