Upara wa Baba

Nyumba ya Seremala,
Mtaa wa Nyuma ya Karakana.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, hata za kabati la Baba ambalo mlango wake unalia mpaka leo. U mzima? Kile kifua kilichokubana wakati wa baridi kimeachia? Na mkeo je, na wanangu wawili mlio nao huko? Waambie baba yao mkubwa anawawaza, ingawa haandiki.

Sisi tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya, na kwa uongo wa nyumba hii tumeshavuka kiasi.

Picha yako niliipata. Mwanzoni nilidhani ni ya Baba. Kumbe ni wewe, kitindamimba, na paji la uso limepanda mpaka utosini! Shemeji yako alicheka hadi akaketi. Kisha nikasoma ulichoandika chini yake: kwamba umepata kliniki ya kupandikiza nywele, kwamba unataka wawe wamemaliza kabla hujaja likizo ya Agosti, na kwamba mimi niliyetangulia nikueleze mambo yalivyo. Nimekaa na swali lako wiki tatu. Mara mbili nilikupigia simu nikuambie, na mara zote mbili tukaishia kuzungumzia mvua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na unachotaka kujua. Nywele haziongezwi, Kitinda, zinahamishwa tu. Wanazitoa kisogoni, ambako hata sisi wenye upara hazituishi, wanazipanda mbele. Wanaweza kung'oa mzizi mmoja mmoja, au wakakata ukanda mwembamba wa ngozi kutoka sikio hadi sikio, wakashona, kisha wakauchambua ule ukanda unywele baada ya unywele. Mimi nilifanyiwa hii ya pili, maana daktari alisema shamba langu ni kubwa. Sindano za ganzi zitakutoa machozi. Baada ya hapo husikii maumivu, unasikia sauti tu, na mtu mzima kusikia ngozi ya kichwa chake ikikatwa si jambo la kusahau. Nililala pale kwa muda wa saa saba.

Kabla hawajaanza, daktari alinionya jambo moja. Nisije nikanyoa kichwa kwa wembe tena, kwa sababu kovu la kisogoni haliondoki, linafichwa na nywele tu. Nikacheka. Nikamwambia mimi ni kinyozi wa miaka ishirini, mambo ya wembe aniachie mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nimelivunja kichwani.

Nywele ziliota, hilo silikatai. Wiki za kwanza zilipukutika zote nikadhani nimeliwa, lakini mwezi wa nne zikaanza kuchomoza, na kufikia wa nane nilikuwa nachana. Wateja walinizunguka kama maonyesho. Mmoja, fundi saa, alivua kofia yake akaniuliza kama naweza kumpunguzia chache.

Sasa nikwambie kwa nini nilifanya, maana hata shemeji yako nilimdanganya. Nilimwambia ni kwa ajili ya kazi, kwamba kinyozi mwenye upara hamshawishi mtu. Uongo mtupu. Nilifanya kwa sababu ya Mama.

Kumbukumbu zake unajua zilianza kupotea ulipokuwa unaondoka. Macho nayo yameingia ukungu. Mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari wa macho anasema kwa hali yake haiwezekani kumpasua. Kwa hiyo anaona kwa vidole. Ambalo hatukukuambia, kwa kuogopa kukuumiza ukiwa ugenini, ni kwamba kwa miaka miwili Mama alikuwa ananichukulia mimi kuwa Baba.

Unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa akirudi karakanani, vumbi la mbao limemganda kwenye upara, na Mama anamketisha kwenye kigoda, anamfuta kwa kitambaa chenye maji, kisha anampaka mafuta huku akimsuta? Basi jioni moja nilitoka kibandani kwangu, nikaketi karibu na kitanda chake. Akanyoosha mkono, akagusa upara wangu, uso wake ukafunguka kama dirisha. "Baba Manywele," akasema, "leo umechelewa." Akapapasa mabegani kwangu, akakuta vipande vya nywele za wateja. Akakung'uta. Kwake yeye lilikuwa vumbi la mbao.

Tangu siku hiyo kila jioni nilifutwa, nikapakwa mafuta, nikasutwa. Mlango wa kabati unalia na mwenye nyumba ni seremala, aibu gani hii! Nikamjibu nitautengeneza kesho, kama alivyokuwa akijibu Baba miaka yote. Na alikuwa anakula, Kitinda. Mkononi mwangu alimaliza sahani, akataka maji, akalala. Kwa mtu mwingine yeyote alifunga mdomo.

Ungefikiri ningeridhika. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinimaliza. Kila jioni, akishanipaka mafuta, alinishtakia mwanawe wa kwanza. "Manywele haji kuniona," alisema. "Yuko jirani hapo tu, haji. Wewe baba yake, mwulize nimemkosea nini." Jina langu la utotoni, alilonipa mwenyewe kwa kichwa kilichovunja vitana, nililisikia kila siku nikiwa nimeketi mbele yake, na kila siku nilikuwa nashtakiwa kwa kutokuja. Nilijaribu kumwambia ni mimi. Alinipapasa upara akacheka, akasema Baba Manywele, uzee umekuzidi, sasa unajifanya mtoto.

Ndipo nikawaza mawazo ya kinyozi. Mtu kama mimi huamini kila lililoharibika kwa mtu linarekebishika kichwani. Nikajiambia, nywele zikirudi, vidole vyake vitanipata. Atasema, Manywele, hatimaye umekuja. Nilikuwa natafuta sentensi hiyo moja tu, na kwayo nililala kifudifudi saa saba.

Niliporudi na bandeji alilia, akadhani mbao imeniangukia, akaniuguza kwa upole ambao sijaupata tangu surua ya utotoni. Miezi iliyofuata nilivaa kofia, naye akavumilia. Siku niliyoona nywele zimetosha, nilioga, nikachana, nikaketi kwenye kigoda. Nikainamisha kichwa.

Akagusa. Mkono ukaruka kama umeungua. "Wewe nani?" akauliza. Nikasema, Mama, ni mimi Manywele. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akasema mwanawe Manywele ana miaka saba, tena sauti yangu ni ya mtu mzima, na kama nimekuja kuiba nijue mume wake hayuko mbali. Akaanza kumwita Baba. Aliita mpaka sauti ikakauka.

Shemeji yako, kwa nia njema, akamwambia ukweli: Baba amefariki, mwaka wa tisa huu. Mama alimlilia siku ile kana kwamba maiti iko sebuleni. Kesho yake alikuwa ameshasahau, akamwita tena. Tangu hapo hakuna anayethubutu kusema ukweli ule. Tunamwambia mzee yuko kazini.

Anamsubiri. Ameketi, sahani iko mapajani, anasema atakula na mwenzake akirudi. Vijiko vinne vya uji kwa siku, wakati mwingine viwili. Muuguzi wa zahanati anamjia kila wiki, na mwezi huu alishika mkono wake, akauangalia, akaurudisha taratibu mapajani mwake. Sisi tuliozoea wauguzi tunajua maana yake.

Basi mwezi uliopita nikaamua kunyoa zote. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi nikajinyoa, mbele ya kioo changu mwenyewe, kibanda kimefungwa mchana kweupe, na nilijikata mara mbili. Zile nywele nilizozililia zikaanguka sakafuni pamoja na za wateja. Nikapaka mafuta, nikajikung'utia mabegani vumbi la mbao halisi kutoka karakana ya zamani. Ndiyo, nilifika huko.

Akagusa mbele. Uso ukafunguka, Kitinda, vilevile kama siku ya kwanza. "Baba Manywele." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta, akaanza hata habari za kabati. Nikamnyooshea kijiko akala. Akala tena. Shemeji yako alikuwa mlangoni amejiziba mdomo. Kisha mkono wa Mama ukashuka kisogoni, kama ulivyozoea, ukakutana na kovu. Akalifuata kwa kidole, taratibu, kutoka sikio hadi sikio. Akalirudia. Akaondoa mkono akaufuta kwenye nguo yake.

Hakupiga kelele safari hii. Ingekuwa afadhali apige. Alikaa nami kwa adabu, kama alivyokuwa akikaa na wateja wa Baba. "Keti, mgeni," akasema. "Fundi yuko njiani."

Ndivyo tulivyo mpaka leo. Kila jioni natoka kazini, naketi kwenye kigoda cha baba yangu, na mama yangu ananiomba radhi kwamba fundi amechelewa. Kovu sina pa kulipeleka. Nimelia mpaka nimechoka, na si mtu wa kulia, unanijua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: usifanye. Sisemi kwamba nywele hazioti. Zinaota. Lakini katika nyumba hii kimebaki kichwa kimoja tu cha Baba, nacho unacho wewe. Usikikate, usikishone, usikipake dawa yoyote. Kilete kama kilivyo. Na Agosti ni mbali, mdogo wangu. Nimehesabu vijiko, nakwambia ni mbali. Waombe ruhusa wakubwa wako wa kazi, waambie ni ugonjwa wa mzazi, hutakuwa umewadanganya.

Ukifika, usimkimbilie. Pitia karakanani kwanza, vumbi lipo. Ketia kigoda, inamisha kichwa, umwache afute. Atakusuta kuhusu kabati, sema kesho. Usimwambie wewe ni Kitinda, nitakuomba radhi mimi kwa hilo, najua linavyouma mwana kukaa mbele ya mamaye asitajwe. Mpe chakula polepole, huwa anapaliwa.

Na akianza kukushtakia kwamba Manywele haji kumwona, wewe utakuwa na neno la Baba, atakusadiki. Mwambie Manywele huja. Mwambie huja kila siku.

Shemeji yako anakusalimu, anasema chumba cha uani ameshakifagia. Shangazi anakusalimu na magoti yake yote mawili. Fundi saa naye, ingawa humjui, kaniomba nikutajie. Mpe mkeo salamu zangu, wabusu wanangu. Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa mzima, na akutangulize mbele ya lile tunaloliogopa.

Wako akupendaye,
Kaka yako,
Manywele.