Shangazi wa Fanja

Nizwa, 9 Novemba 1995

Ndugu yangu Shihab,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na Mama hajambo, na dada yako Dalal na mumewe wote wazima. Mimi mzima, ila nyumba imenipwaya. Miezi mitatu uliyokaa kwangu ukipima falaji za Nizwa, ile mifereji ya kale ya kunyweshea mitende, kila siku nililalamika kwamba unaacha matope mlangoni. Sasa mlango safi, na sina wa kumlalamikia.

Ijumaa nilikwenda kwenye mnada wa mbuzi, nikasimama pale pale tulipokuwa tukisimama. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwapa mbuzi majina ya wakubwa wako wa kazini. Nikacheka peke yangu, mzee mmoja akanigeukia, nikajifanya nakohoa.

Chupa yako ya kupimia maji umeisahau. Nitakuletea, au uifuate mwenyewe. Kwa jambo hili simu ingetosha, najua. Lakini simu yenu iko barazani, na mimi darasani nasema na watoto arubaini kutwa nzima. Nilitaka kusema na mtu mmoja.

Nduguyo,
Nadhir


Ibra, 24 Novemba 1995

Ndugu yangu Nadhir,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu garini kabla ya kuingia ndani. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama na magoti yake.

Niandikie hivi hivi kwa Kiswahili, na andika upendavyo. Sanduku la posta ni la shemeji Khalaf, mume wa Dalal. Ufunguo anao yeye, na barua za nyumba nzima hupita mkononi mwake. Lakini Khalaf ni mtu wa Ibra tangu babu zake, Kiswahili hajui hata cha kuombea chumvi. Dalal anakizungumza lakini hakisomi, kazaliwa huku na kasoma Kiarabu tu; mimi herufi hizi nilijifunza kazini. Mama, zaidi ya msahafu hasomi kitu. Hata karatasi ya dawa humpa Dalal amsomee. Basi tuko salama.

Salama na nini, utaniuliza. Na mimi najiuliza.

Kiswahili chako cha Bujumbura kinachekesha, lakini usikibadilishe. Nikikisoma naisikia sauti yako. Chupa usiilete. Nitaifuata.

Nduguyo,
Shihab


Nizwa, 14 Januari 1996

Shihab,

Salamu nyingi. Natumai ulifika salama kutoka Samad Ash Shan, tulikotembea pamoja Ijumaa ile. Mimi mzima wa mwili. Siku tisa nimekaa na kalamu mkononi, na sasa nasema, kwa sababu nikizidi kungoja nitasema uongo.

Ulipoteleza ukivuka mfereji nilikushika mkono, na tulipofika ng'ambo hatukuachana. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa mitende. Wanaume huku hushikana mikono wakitembea na hapana anayewatazama. Lakini sisi tuliacha kuzungumza, na kunyamaza kule ndiko kulikonieleza. Nakupenda. Si kama ndugu. Nina miaka thelathini na moja na sijapata kumwambia mtu neno hili.

Kama nimekosea, nirudishie barua hii bila ya kuandika kitu. Nitaelewa, na sitakusumbua tena.

Nadhir


Ibra, 28 Januari 1996

Nadhir wangu,

Ramadhani karim. Barua yako siirudishi. Nami nakupenda, na nilijua tangu kwenye mbuzi. Nimeshaandika, basi.

Lakini sikiliza. Khalaf anataka nimuoe dada yake, Shaikha. Msichana mpole, hana kosa lolote. Mama anangoja kauli yangu. Nimeomba muda hadi Idi kubwa na Khalaf kanuna, anasema mtu wa miaka thelathini na tatu anayeomba muda ana mwanamke mahali. Akiujua ukweli nitapoteza kazi aliyonipatia yeye na nyumba yake tunamokaa, na hayo pengine nitayabeba. Mama akijua nitampoteza yeye. Hilo siliwezi, Nadhir. Alinivusha bahari kutoka Unguja nikiwa mgongoni mwake. Nambie nifanye nini.

Wako,
Shihab


Nizwa, 19 Machi 1996

Shihab,

Salamu. Barua hii nampa Mahrous, dereva wa teksi wa kwenu, akukabidhi mkononi kazini kwako. Usiulize kwa nini mpaka umalize kuisoma.

Tarehe 27 Februari nilikuandikia kurasa mbili, nikazitia posta kama kawaida. Nilikueleza kwamba shule moja Sur inataka mwalimu wa jiografia nami nimeomba uhamisho, na kwamba ofisi ya maji ya huko inatafuta mpimaji. Nilikwambia usimdhulumu Shaikha kwa kumpa mume asiye na moyo wa kumpa. Na mengine niliandika, ambayo mtu mwengine akiyasoma tumekwisha.

Ni wiki tatu sasa. Kama uliipata na kunyamaza ndiyo jibu lako, niambie. Kama hukuipata, iko mkononi mwa nani?

Nadhir


Ibra, 23 Machi 1996

Nadhir,

Salamu. Sikuipata. Namrudishia Mahrous jibu hapa hapa, anangoja na injini inanguruma.

Sasa nafahamu. Wiki mbili zilizopita nilirudi kutoka Samad nikakuta nyumba imebadilika. Khalaf, ambaye hajapata kuuliza hali ya kiumbe chochote, aliniuliza mezani, taratibu kabisa: "Huyo rafiki yako wa Nizwa, ahali zake wazima?" Nikasema wazima. Akanitazama kwa huruma. Hasira yake ningeiweza. Huruma yake imeninyima usingizi. Anajua, na anangoja siku yake.

Mama naye kawa mwengine. Hunipakulia nyama mara mbili, kisha anakaa kunitazama nikila. Jana nilimkuta macho mekundu, akanambia ni moshi. Jiko letu la gesi, Nadhir.

Usiandike tena. Kama watanifukuza nitakuja kwako, na kama sikuja ujue nimezuiwa. Sikujutia hata siku moja.

Shihab


Ibra, 30 Machi 1996

Kwa mwanangu Nadhir,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hunijui, na mimi nakujua kuliko unavyopenda. Mimi ni Mabruka, mamake Shihab. Magoti yananisumbua, mengine namshukuru Mungu.

Barua yako ya kurasa mbili nilikuwa nayo mimi. Khalaf aliifungua, akidhani ni ya mwanamke. Hakuweza kuisoma, akaniletea mimi mwenye lugha, wala hakuwaza kama kusoma najua au sijui, Shihab yuko kazini. Akanambia, "Yalla, Mama, soma, Dalal atanifasiria." Shihab bila shaka kakwambia sijui kusoma. Watoto hawa! Nimesoma skuli Unguja mpaka darasa la saba, na tuzo ya mwandiko nilipewa. Karatasi zangu humpa Dalal kwa kuwa napenda kumsikia mwanangu akinisomea. Hapana aliyewahi kuniuliza.

Nikavaa miwani, nikaanza kwa sauti. Salamu nilizisoma kama zilivyo. Mstari wa tano, macho yakautangulia ulimi. Nikakohoa, nikaomba maji, nikanywa gilasi nzima, Khalaf ananitazama mdomo. Kisha nikaendelea kusoma, lakini si uliyoyaandika wewe. Nikasoma kwamba una shangazi Fanja, mjane, mguu umepooza, ukuta wake umeanguka kwa mvua, na daktari kasema apelekwe Sur kwa hewa ya bahari, ndiyo maana unaomba uhamisho. Kurasa zako mbili nilizisoma robo saa. Dalal anafasiri, machozi yanamlenga. Khalaf akasema miskina, akauliza shangazi ana watoto? Nikasema hana.

Usidhani nimefurahi. Nimelia siku nyingi. Dini yangu naijua, na sitokwambia inasema jengine. Nilitaka kukuchukia, lakini kila niliporudi kwenye barua nilikuta umemtetea Shaikha, mtoto ambaye hujapata kumwona. Na mwanangu namjua. Tangu utoto wake sikupata kumsikia akiimba mpaka aliporudi kutoka Nizwa, anapiga pasi kanzu na anaimba, tena vibaya.

La Shaikha nimelikataa mwenyewe. Nimemwambia Khalaf sitaki binti wa watu aje kuonewa kwangu. Kanuna, lakini chakula hakukinunia.

Mwache Shihab aende Sur. Nilidhani nitazeeka naye nyumba moja. Mji mzima nimeuacha nyuma yangu, najua kuacha. Mimi sitoweza kumwambia haya uso kwa uso, na yeye hatoweza kuyasikia. Mwambie wewe, kwa upole, kwamba mamake hajampoteza.

Barua yako nimeichoma kwa mkono wangu. Usimwandikie yeye tena kwa sanduku letu. Niandikie mimi, kwa herufi kubwa, macho si yale. Hii nampa Dalal aitie posta. Nimemwambia ni pole kwa mgonjwa. Na utapojibu usisahau kutueleza hali ya shangazi, maana Khalaf ananiuliza kila siku.

Mamako,
Mabruka


Sur, 13 Septemba 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai magoti yamepoa, na Dalal na Khalaf hawajambo. Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza. Palipokukalia vibaya, uwasomee vyengine.

Shangazi tumemhamishia Sur salama. Hewa ya hapa imemkubali. Mguu umepona kabisa, anatembea kutwa juani na anakula nyama mara mbili. Sauti yake pia imerudi, na jirani yetu wa ukutani anamwombea ipungue kidogo. Ana ila moja tu: haingii ndani mpaka mlango mzima ajaze matope. Simlalamikii, Mama.

Barua yako ya Machi ninayo. Kila Ijumaa huniomba aisome. Mara ya kwanza alikaa chini sakafuni akalia mpaka akachoka. Leo hakulia. Aliisogeza dirishani, akazitazama herufi moja moja, akaniuliza kama kweli ulipewa ile tuzo ya mwandiko, na kwa nini miaka yote hiyo yeye hakukuuliza.

Mwanao,
Nadhir