Sindano Mbili Kabla ya Kupanda Dunguni

Kaka Mbwana,

Assalaam alaikum huko uliko. Nakuandikia nikiwa juu ya dungu la kulindia mpunga, saa nne ya asubuhi, daftari la mtoto liko gotini na kamba ya makopo ya kufukuzia ndege mkononi. Ndege wametulia kidogo. Mimi sijatulia. Naogopa, kaka. Naogopa tangu Alhamisi, na sina wa kumwambia, kwa sababu uliyejua ni wewe peke yako.

Tangu tukuzike hakuna wa kunishikia shamba. Si unakumbuka? Kila wiki ya tatu ulikuja na mtumbwi, ukapanda hapa kuamia mpunga wangu, mimi nikaenda Nyamisati, nikapanda gari mpaka Kibiti kuchomwa sindano ya homoni za kiume. Mke wangu Zainabu tulimwambia ni presha. Nikirudi unanitazama juu mpaka chini: "Enhe, dume limerudi! Ndevu zi wapi?" Nilikuwa nakasirika. Leo natamani unicheke tena.

Msimu huu nikafanya ujinga. Niliona nikitoka tena katikati ya kuamia, hata siku mbili tu, ndege watanimalizia mpunga. Basi nikachomwa kwa daktari kama kawaida, kesho yake nikaingia kituo kingine na kichupa changu cha akiba, nikadanganya kwamba siku yangu imepita. Wakanichoma tena. Nilijiambia hiyo ya pili itanifikisha mavuno.

Sasa moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa. Jasho linanitoka kwenye upepo. Kopo likigonga naruka. Jana nilimfokea Zainabu kwa ajili ya chumvi, halafu nikajificha kwenye mpunga, nikalia. Daktari alinionya: homoni zikipungua taabu, zikizidi taabu, utapata hofu usiyojua imetoka wapi. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na akili yangu iko shambani.

Lakini wewe ulishika kifua pale chini, kwenye jaruba la kwanza la mpunga. "Mdogo wangu, mbona nachoka hivi?" Ukakaa chini. Hukuinuka tena. Kwa hiyo kila nikishika kifua changu sijui kama ni sindano au ni hicho kilichokuchukua wewe. Na nikianguka hapa, nani atamwambia daktari kwamba nilichomwa mbili? Zainabu atawaambia presha. Atawaambia kile tulichomfundisha.

Uliniambia mara moja, "Mwambie mkeo, hatakukimbia." Nikakununia siku nzima. Niliona aibu, kaka, na wewe ukanisitiri mpaka siku ya mwisho. Mungu akulipe. Ila siwezi tena.

Namwona anakuja kwenye tuta, amebeba chombo cha uji. Nakuahidi: akifika huku juu namwambia yote, matubwitubwi yaliyoniharibu korodani baada ya kupata watoto wetu, sindano, na hizo mbili za safari hii. Kisha tunashuka wote wawili kuwahi boti, na kwa daktari sitaficha neno. Mpunga waule ndege wakitaka.

Pumzika, kaka. Usinitengee nafasi bado, nina watoto wadogo.

Ngazi inalia. Amekanyaga kidato cha kwanza. Nimeiachia kamba ya makopo.

Mdogo wako,
Shabani