Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Huko uliko huwezi kuitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia siwezi.

Jana nilipita kiwandani, nikasimama pale mlangoni ulipokuwa unapokea ngano ya wakulima. Ulikuwa unachukua punje moja, unaing'ata. Ikipasuka, gunia linaingia. Ikilainika kwenye meno, unamrudisha mwenyewe kijijini kwake Mogitu akaianike tena, hata kama ni mjomba wetu. Kazi hiyo ulinifundisha mimi. Kisha nikasoma kidogo, nikakupita cheo, na hukunionea wivu hata siku moja.

Kiwanda kilipofilisika, serikali ikachoka kukibeba, wakaja wawekezaji. Mimi msimamizi wa ghala nikaambiwa nitaje sita wa kupunguzwa. Nilijua watu wananitazama kama nitamficha ndugu yangu. Nikataka nionekane mtu wa haki. Jina la kwanza nililoandika lilikuwa lako. Haki gani hiyo, kaka? Nilitafuta sifa tu. Wasimamizi wenzangu waliwaficha ndugu zao, na hakuna aliyewasema.

Ulipopewa barua ulikuja kwangu na debe la maharage. Nikadhani umejua. Kumbe umekuja kunituliza. Ukaniambia, "Usigombane nao kwa ajili yangu, mdogo wangu. Wakikufukuza na wewe, watoto wetu nani atawasomesha?"

Nikayapokea maharage, nikakushukuru.

Ukarudi kijijini Masieda kulima. Msimu uleule ngano mbichi ikapokelewa, ikaoza ghalani, na mwekezaji akauliza yuko wapi yule mzee wa kung'ata ngano. Nikajibu kwamba ulishaondoka. Aliyekuondoa sikumtaja.

Siku tulipokuzika, shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akanishukuru. Alisema mpaka mwisho ulikuwa unawaambia kwamba mdogo wako alikupigania. Watu wote wakanigeukia. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nina aibu, kaka. Debe lako bado liko jikoni kwangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na miaka yote hii sijajua nitie nini humo. Jumapili nitalijaza ngano, nimpelekee shemeji, nimwambie orodha ile niliiandika mimi. Akinifukuza nitaondoka, debe nitaliacha mlangoni.

Pumzika, kaka.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kung'ata ngano.